Crown Nyeusi na Pikapu ya Mokua

Mbele ya kibanda cha Benta, sokoni Ndhiwa, pana benchi lililoundwa kwa mlango wa zamani. Ukikaa vibaya, kitasa kinakudunga. Ijumaa hiyo lilikaliwa na watatu. Werema, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Isebania, aliitwa Injinia kwa kuwa aliwahi kufagia gereji. Oyaro aliitwa Wakili. Kesi yake ya pekee ilikuwa ya kuku, na alishindwa. Katikati yao alikaa Mokua, muuza ndizi, Msabato, aliyekunywa uji wenzake wakinywa kahawa. Mbele yao yalisimama magari mawili: pikapu yake kuukuu na Crown nyeusi, ndefu, ya mtu wa Migori aliyetaka wabadilishane. Mtu huyo alikuwa amemwachia Mokua ufunguo, akaenda kula samaki. Jawabu alilitaka kabla jua halijatua, maana Sabato ikiingia Mokua hafanyi biashara.

— Chukua, omera, alisema Oyaro. Chema chajiuza.

— Kama kinajiuza, mbona mwenyewe anahangaika? Benta aliuliza kutoka jikoni.

— Iko chini sana, alisema Mokua. Njia ya Lambwe itaikwangua tumbo.

— Hiyo ni kwa anayeendesha pole, bana, alisema Werema. Hii ni mashine ya mbio. Ukilipita shimo kwa kasi, shimo halipati nafasi ya kukushika.

— Na mafuta? Mokua aliuliza. Nasikia inakunywa kama wageni wa harusi.

— Haba na haba hujaza kibaba, alijibu Oyaro. Iwekee kidogo kidogo, isizoee.

— Mafuta ya nini? Ukianza kuteremka mlima, Werema alidakia, zima injini. Uzito wake unaisukuma.

— Na kupanda, Injinia?

— Unapanda kwa ule mwendo uliobaki. Halafu kwetu, gari kama hii ikitokea, ng'ombe wanapisha wenyewe. Ng'ombe wanajua cheo!

Mokua aliwasikia kwa mbali. Mbio hazikuwa haja yake. Ukoo wake ulipopeleka mahari Asumbi, gari lake liliwekwa mkiani mwa msafara kama kawaida, limebeba viti na masufuria, likila vumbi la wenzake. Alipofika, wageni walikuwa wameshanawa mikono, naye akaonyeshwa pa kuegesha, karibu na jiko. Mkewe Nyatichi alishuka na gauni jipya lililogeuka rangi ya barabara. Mokua alitaka, mara moja tu, wafike mbele, wakiwa safi.

Bathsheba, jirani yake, akatokea na leso kichwani. Alikuwa amefiwa na mama yake wiki hiyo. Wote wakasimama.

— Mos, pole sana, Bathsheba.

— Mos. Baba Motari, alimgeukia Mokua, nimekuja kwako. Jumapili tunamtoa mama mochari, Homa Bay. Naomba wewe ndiye umbebe.

— Mokua sasa ni mtu wa Crown, Oyaro alimweleza.

Bathsheba aliizunguka ile Crown taratibu, akachungulia kioo cha nyuma.

— Ni nzuri. Mama atalala wapi?

Werema aliupima urefu wa buti kwa shubiri.

— Mmeshapanga magari? Mokua aliuliza polepole. Nani anakuwa mbele?

Bathsheba alimshangaa.

— Si mama? Mama na anayembeba. Wengine wote tunafuata nyuma. Na mkeo, mama Motari, akikubali, akae hapo mbele na wewe. Mama alimpenda.

Mtu wa Migori alirudi akichokonoa meno. Mokua alimrudishia ufunguo wake.

— Imekushinda, mzee?

— Hapana. Ni gari zuri sana.

— Basi tumalize. Jua bado lipo.

Mokua alitazama magharibi. Kweli, lilikuwa bado juu ya mabati ya soko.

— Lipo, alisema akikunja mikono ya shati. Benta, nipatie ndoo na sabuni. Nataka kuosha pikapu kabla jua halijazama.