Gari la Wagonjwa la Bure

Kila Machi kijiji chetu cha Eastbrook, huku New Hampshire, Marekani, hukutana ukumbini kupigia kura matumizi ya mwaka, kila mtu na kadi yake ya kijani mkononi. Sisi watatu wa benchi la nje huwahi mapema na chupa ya kahawa, tubishane tumalize, ndani tuinue kadi tu. Safari hii ubishi ulikuwa mmoja: tuajiri watu wawili wa gari la wagonjwa, au tuendelee kujitolea wenyewe kama tulivyofanya kwa miaka arobaini. Delmar, mkata miti mstaafu tunayemwita Msumeno, alikuwa amenuna tangu afike.

— Kodi ya majengo imepanda tena, Hollis. Eti nyumba yangu ina thamani zaidi kwa sababu dirisha la jikoni linaona mlima!

— Kwani huuoni? nikamchokoza.

— Nauona, sikuuomba! Wakiajiri hao wawili, kodi inapanda tena, nauza nyumba. Mke wangu Corinne, na moyo wake ule mgonjwa, nimpeleke wapi?

Everett, aliyewahi kuwa karani wa mahakama na hadi leo tunamwita Wakili, akaweka kikombe chini.

— Dawa ipo. Panda misonobari mbele ya dirisha. Mlima ukizibwa, kodi inashuka.

— Itachukua miaka ishirini, we Wakili!

— Subira huvuta heri.

— Nina sabini na sita!

— Basi walipe matajiri wanaokuja kiangazi tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Na siku ya ukungu turudishiwe hela, nikadakia.

— Na anayepiga picha mlima alipe mara mbili! Wakili akaongeza.

Tukacheka, Msumeno hakucheka.

— Gari letu ni la bure tangu enzi na enzi, akasema. Tulipie nini leo? Mimi napiga kura ya hapana.

Yesenia, aliyehamia kijijini Januari, alikuwa ngazini akikwangua tope kwenye buti zake. Akatugeukia.

— Samahani, wazee wangu. Leo zamu ya gari ni ya nani?

— Yangu, Msumeno akajibu kwa fahari. Mimi na Wakili.

Yesenia akaitazama fimbo ya Wakili. Nyonga yake ilibadilishwa Novemba.

— Sasa mzee, mkeo akianguka leo, wewe unashika machela upande mmoja. Upande wa pili anashika nani?

Msumeno alimtazama Wakili, kisha akanitazama mimi. Mimi hata gunia la chakula cha mbwa nalikokota kwa kamba. Niliona haya, maana tangu asubuhi nilikuwa nafanya mzaha tu.

— Tulikuwa na nguvu, Msumeno akasema taratibu. Nguvu zetu ndizo zilikuwa zinalipa.

Kengele ya mkutano ikalia. Wengine wakaingia. Msumeno akabaki mlangoni, kadi kwapani, anapiga simu nyumbani.

— Corinne? Umekaa? Basi usiinuke mpaka nirudi.