Oddmund Kvammen, Aliyepima Barafu kwa Kiganja

Marehemu Oddmund Kvammen alizaliwa tarehe 4 Februari 1951 hapa Rauvika, kaskazini kabisa mwa Norwe, mtoto wa tano wa mzee Peder, dereva wa gari la kusukuma theluji, na mama Jorunn. Kitinda mimba wao ni Gudveig, dada yake, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Familia ilimwomba aandike kwa upole. Amejaribu.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha akakaa bweni mjini Vadsø hadi mwaka 1967. Hesabu alizipenda. Kuimba kulimshinda kabisa, hata mwalimu wa kwaya akamsihi awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti.

Kiwanja chetu cha ndege kilipofunguliwa mwaka 1974, mita mia nane zilizobanwa kati ya mlima na bahari, Oddmund aliajiriwa kuiangalia njia ya kutulia ndege. Majira ya baridi, kabla ya kila ndege, aliendesha gari linaloburuta gurudumu la kupimia utelezi, kisha akamtajia rubani namba kwa redio. Tano, matairi yanashika. Moja, usitue. Lakini hakuiamini mashine peke yake. Alishuka, akavua glavu, akapiga magoti na kubandika kiganja kwenye barafu. Kikitoka kikavu, aliisoma namba ya mashine kama ilivyo. Kikilowa, aliipunguza.

"Mashine inajua barafu ilivyokuwa nilipopita," alikuwa akisema. "Rubani anakuja robo saa baadaye."

Katika miaka yake arobaini na miwili hakuna ndege iliyoteleza ikatoka nje ya njia. Alipostaafu mwaka 2016 hakupewa hata saa ya ukutani.

Tarehe 18 Juni 1977 alifunga ndoa na Borghild, muuguzi wa zahanati yetu. Kabla ya hapo, siku ya kwanza kumsindikiza nyumbani kutoka kanisani, alikuwa akimtangulia na kupiga goti kila hatua chache kugusa njia. Borghild akasimama akamuuliza, "Kaka, unaniposa au umeangusha funguo?" Walijaliwa mtoto mmoja, Eilif, aliyezaliwa mwaka 1981.

Sasa ile siku, ambayo mnaijua wote, na wengi wenu mmeisimulia vibaya. Jumatano tarehe 14 Januari 2004, saa tano asubuhi, Borghild alianguka jikoni, damu imevujia kwenye ubongo. Njia ya mlimani ilikuwa imefungwa na theluji. Ndege ya wagonjwa ilifika juu yetu saa saba kasoro, mvua ikinyesha juu ya barafu na kuuosha mchanga uliomwagwa kuzuia utelezi. Mashine ilisema tatu. Kiganja kilitoka kinachuruzika maji.

"Moja," Oddmund alisema kwenye redio.

Rubani akajibu, "Oddmund, nimeambiwa mgonjwa ni mke wako."

"Ni mke wangu. Ni moja. Usitue."

Ndege ilirudi ilikotoka. Borghild alifariki saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa na miaka arobaini na tisa.

Wakaguzi walikuja kutoka kusini, wakaandika kwamba utaratibu ulifuatwa. Basi. Kama ndege ile ingesimama salama au ingeishia baharini na watu wanne ndani, hakuna ajuaye, naye Oddmund hakujua hadi anakufa. Ila dukani mlijua. "Huyo ndiye aliyemuua mkewe kwa kiganja," mlisema, naye yupo kwenye foleni, ameshika mkate. Leo mmeleta maua mengi.

Eilif alimwambia makaburini, "Ungesema tatu, baba. Mashine ilisema tatu." Akahamia Bergen, na kwa miaka ishirini hakupiga simu.

Mwezi Oktoba mwaka jana Oddmund aligundulika na saratani ya kongosho. Aliomba auguzwe nyumbani. Gudveig alimpigia Eilif, "Baba yako anakwisha. Njoo, mwanangu," naye akakubali. Jumanne tarehe 20 Februari ndege yake ilikuwa juu yetu, na mvua tena juu ya barafu. Anayepima siku hizi ni Synnøve, binti aliyefundishwa na Oddmund mwenyewe. Gudveig alitoka chumbani kwa mgonjwa, akampigia Synnøve simu, akasema jambo ambalo leo analikiri mbele yenu: "Binti, sema tatu. Leo tu. Mtu anakata roho huku."

Synnøve alikuwa analia. "Kimelowa, shangazi. Siwezi."

Mlango ulikuwa wazi. Oddmund akanyoosha mkono apewe simu. "Usimsikilize huyo," alimwambia Synnøve. "Sema uliyoyaona." Mlio wa ndege ukazunguka mara mbili, ukapungua, ukaisha. Hapo akageukia ukutani, akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata alipomzika Borghild. Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 21, saa kumi na mbili. Eilif alifika kwa basi saa nne.

Ameacha mtoto mmoja, Eilif. Dada mmoja, Gudveig. Na Synnøve, ambaye familia inamhesabu kuwa mtoto wake. Mtu asiseme neno juu ya binti huyu dukani.

Jana familia ilikwenda kuitazama njia ya makaburini mtakayopitisha jeneza. Eilif alivua glavu, akapiga magoti, akabandika kiganja, akakaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka alisema, "Moja, shangazi. Waambie walete mchanga."

Pumzika, Oddmund. Mchanga umemwagwa.