Tone Lililokataa Kutandaa

Wapendwa, jina la Bwana litukuzwe. Nawasalimu nyote wa ushirika wetu wa Winson Green, hapa Birmingham. Nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyoniponya ugonjwa wa kukimbia.

Ndugu zangu, shule niliiacha darasa la sita, kule Kigoma. Tangu hapo sikukaa mahali pamoja hata miaka miwili. Nimefyatua tofali, nimepika chapati, nimepakua mizigo bandarini, na kila nilipoharibu kitu nilibeba begi nikaondoka kabla hawajagundua. Begi hilo nilifika nalo hadi Birmingham. Kitu kimoja tu hakikuniacha, nacho ni kutaka kujua kila kitu kinatengenezwaje.

Nikapata kazi katika kiwanda kidogo mtaani Hockley kinachotengeneza mirija ya plastiki, ile inayoingizwa kwenye mshipa wa shingo ili mgonjwa wa figo asafishwe damu. Mkaguzi wetu, Dada Wanjiru, Mkenya, alinieleza mambo yaliyonikosesha usingizi kwa furaha. Damu humtambua mgeni mara tu inapomgusa. Protini zake hung'ang'ania plastiki tupu, chembe za kugandisha hufuata, na punde mrija umeziba. Kwa hiyo tunauchovya kwenye dawa inayouvika ngozi nyembamba mno, inayopenda maji, ili damu ipite bila kushtuka. Uhai wa mtu unashikiliwa na kitu ambacho jicho halikioni!

Kipimo chake ni tone la maji. Likitandaa, ngozi imeshika.

"Na likisimama kama shanga?" nilimuuliza.

"Basi hiyo ni takataka. Na wewe, maswali yakiisha, kuna trei zinakungoja," alisema akicheka.

Ijumaa moja, saa ya chakula cha mchana, nilikuja hapa kwenye maombi. Mchungaji alinipaka mafuta ya zeituni viganjani, akaombea kazi ya mikono yangu. Nilirudi mbio, nimechelewa, nikavaa glavu bila kunawa, nikizivuta kwa vidole vyenye mafuta. Nikapanga mirija, nikaichovya. Dada Wanjiru alichukua mitatu kuipima, kama kawaida. Ikafaulu, akapiga muhuri.

Alipotoka, udadisi ukanishika. Nikachukua mrija mwingine nikaudondoshea maji. Tone likasimama kama shanga. Nikajaribu wa pili, vilevile. Nikanusa glavu: mafuta ya zeituni. Nikajua mitatu ile ilifaulu kwa bahati tu.

Sikusema. Jumatatu trei ile ingefungwa iende hospitali. Nanyi mnamjua Mama Neema, anayeketi pale mbele na mrija shingoni. Mmesahau ulipoziba mara ya kwanza, alivyovimba uso hata wanawe wakaogopa kumtazama?

Jumamosi asubuhi nilikuwa kituo cha mabasi cha Digbeth na begi langu, ndani ya basi la kwenda Glasgow. Mvua ikaanza. Matone yakasimama kwenye kioo kando yangu, shanga tupu, kioo kizima. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua yalikuwepo bado. Nikashuka. Dereva akaniuliza nimesahau nini. Nikamjibu, "Mirija."

Jumatatu nilimngoja Dada Wanjiru mlangoni.

"Dada, trei ya Ijumaa usiifunge. Nimeiharibu mimi."

Alipima mmoja, akapima wa tano, akapima wa kumi. Kisha akaunusa, akanigeukia.

"Haya ni mafuta gani?"

"Ya maombi, dada. Niliombewa mikono."

Akaisukuma trei kando. "Sasa wewe, ukishaombewa, si unawe?"

Trei nzima ilitupwa. Nilingoja kufukuzwa, nikapewa barua ya onyo. Wiki iliyofuata Dada Wanjiru alianza kunifundisha kupima. Alisema mtu anayejishtaki mwenyewe si wa kuachiwa aondoke hivihivi. Huu ni mwaka wa tatu, na bado niko Hockley.

Ndugu zangu, nilidhani maombi yale yaliniponza. Sivyo. Niliombewa kazi ya mikono yangu, na kazi mbaya ya mikono yangu haikumfikia mgonjwa hata mmoja. Namshukuru Mungu aliyenishusha kwenye basi.

Kama nawe una begi lililofungwa chini ya kitanda, lifungue leo. Mwamini Yesu, naye atasimama nawe palepale ulipoharibu. Langu siku hizi natunzia viazi.

Mchungaji, mikono ni hii, nipake tena. Kesho nitanawa.