Betri ya Brigitte Haikuwa na Maji

Bandugu, majirani, na ninyi nyote mliofanya kazi naye, mimi Kabamba, kaka wa marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea maisha yake, na nitasoma polepole, kwa sababu jana, hapa kwenye kilio, Tata Kalumba, mkuu wa labo, ile maabara alimofanya kazi marehemu, ambaye namwona ameketi mstari wa mbele, alinishika mkono akaniomba sehemu ya kazi niipunguze iwe mstari mmoja.

Mama Ngeleka Brigitte alizaliwa Lubudi tarehe 14 Machi 1984, binti wa mwisho wa Tata Ngeleka, fundi wa reli, na Mama Odile, ambaye tuko naye hapa. Alisoma shule ya msingi hukohuko Lubudi, akapata diplome yake hapa Kolwezi mwaka 2002, upande wa kemia, kisha akamaliza chuo kikuu Lubumbashi mwaka 2008. Alikuwa mbishi tangu utoto, humdanganyi mara mbili. Alifunga ndoa na Tata Mukalay Lucien tarehe 21 Agosti 2010, Mungu akawapa batoto wawili, Abigaëlle na Gael.

Mwaka 2019 aliingia labo ya betri. Betri za lithiamu tunazozijua zina ndani maji yanayoshika moto kama petroli, yeye akayaondoa, mahali pake akaweka utando mwembamba wa plastiki unaopitisha chaji, na Pasaka ya 2023 alileta moja nyumbani, akaipigilia msumari mbele ya Mama, sisi wote tukakimbilia nje, yeye akabaki anacheka, betri haikutoa hata moshi. Kazi yote aliiandika katika kaye moja nyeusi, daftari lake.

Tarehe 5 Juni 2025, saa nne asubuhi, labo iliwaka na yeye akiwa ndani, akafariki hospitalini tarehe 14. Ripoti yenye sahihi ya Tata Kalumba inasema moto ulitoka kwa marehemu, kwa maji yaliyovuja katika betri yake. Bandugu, namna gani maji itoke mu betri yenye haina maji? Aliyeandika hivyo hakuijua kazi yake, ama aliijua vizuri mno. Na ile kaye, tunaambiwa iliungua, lakini Sadrack, aliyemtoa Brigitte kwenye moshi, ameniruhusu niseme kwamba kesho yake aliiona nzima mezani kwa mkuu. Nina uchungu, sifichi. Batoto hawa hawatakua wakiambiwa mama yao alijichoma kwa uzembe, tunataka ripoti isahihishwe na kaye irudi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku tisa, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake, Sadrack kwanza. Tata Kalumba, asante kwa maua. Juu ya sanduku hapa kuna ile betri ya Pasaka, msumari ungali ndani yake, familia inakuomba uibebe mkononi mpaka makaburini, usiogope, haitakuunguza.

Mudogo wangu Brigitte, pumzika kwa amani.