Bernadetta Kokulinda na Matairi Ishirini na Manne

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, shemeji yangu Elias Kashaija, wazee wetu mliotoka Kamachumu, majirani wa Nyegezi, mafundi na madereva mliojaa hapo nyuma, wakubwa shikamooni, na wengine wote poleni. Kwa wasionijua, mimi ni Rugemalira, mdogo wake marehemu niliyemfuata ziwa, na wengi mnanunua ndizi kwangu pale sokoni. Kamati imenipa dakika kumi na tano, kwa kuwa msafara unatakiwa kufika Kigongo kabla ya saa sita tuwahi pantoni, kwa hiyo nitasoma haraka haraka, na mkiniona nageuka kila mara kutazama magari yaliyopaki barabarani, mnivumilie, sababu yake mtaijua.

Marehemu Bernadetta Kokulinda alizaliwa tarehe 3 Machi 1964 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu mzee Kaijage na marehemu mama Veronika, wakulima wa migomba na kahawa, na alibatizwa wiki mbili baadaye katika parokia ya hapo nyumbani. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alitambaa kabla ya kukaa, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja hadi darasa la pili nashuhudia kwamba hata usingizini alikuwa anapiga mateke.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kamachumu kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, akaendelea na sekondari ya wasichana Bukoba mwaka 1979 hadi 1982, kisha kidato cha tano na cha sita Tabora, na baada ya kumaliza Jeshi la Kujenga Taifa alijiunga na Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akahitimu shahada ya kemia mwaka 1990, wakati baba yetu alikuwa amekwisha kuwatangazia watu wote wa kilabuni kwamba binti yake anasomea udaktari. Alipoelezwa kwamba ni kemia, mzee aliuliza kemia inatibu nini, na dada akamjibu kwamba inatibu vitu.

Mwaka huohuo wa 1990 aliajiriwa katika kiwanda cha matairi huko mikoa ya kaskazini, kwenye maabara ya kuchanganya mpira, ambako alifanya kazi kwa miaka kumi na saba, na huko ndiko alikojifunza jambo ambalo alituchosha nalo kila Krismasi, kwamba tairi si mpira peke yake, ni mpira uliochanganywa na salfa ili ushikamane, na masizi meusi ili usiishe mapema, na kwamba mtu akikosea kipimo kimoja tu, basi amemtengenezea mwenzake kaburi la magurudumu manne. Aliacha kazi mwaka 2007, akahamia hapa Mwanza kumfuata mumewe, akafundisha kemia kwa miaka michache katika chuo cha ufundi, lakini darasani hakutulia, mara atoke na wanafunzi kwenda gereji, mara achome vitu vya ajabu nyuma ya maabara, mpaka mkuu wa chuo akamwomba kwa heshima zote achague moja.

Akachagua gereji. Mwaka 2011 alikutana na Bashiru wa Mirongo, yule pale mlangoni mwenye kofia, ambaye baba yake na babu yake walikuwa mafundi wa kuchonga kashata, ile ngozi ya juu ya tairi yenye mifereji, yaani tairi likiisha na kuwa kipara wanalichonga upya kwa kisu cha moto lionekane jipya, na siku ya kwanza kabisa dada alimwambia Bashiru mbele ya wateja wake, wewe ni muuaji mwenye mkono mzuri. Bashiru anasema alitaka kumrushia spana. Badala yake walifungua karakana pamoja hapa Nyegezi, wakaacha kuchonga, wakaanza kuyavisha matairi yaliyoisha kashata mpya kwa mchanganyiko wao wenyewe, na kwa miaka kumi na tatu Mkristo wa Kamachumu na Mwislamu wa Mirongo waligombana kila siku ya kazi na hawakuachana.

Naomba nieleze kidogo kazi yake, maana bila hiyo hamtaelewa mwisho. Masizi ya kiwandani yanaagizwa kutoka nje, na sisi huku tumezungukwa na mashine za kukoboa mpunga zenye milima ya pumba, na pumba za mpunga zikichomwa vizuri hutoa majivu ambayo yanaweza kuchukua nafasi ya karibu nusu ya masizi, tairi likawa jepesi kuzunguka na gari likanywa mafuta kidogo. Wenye viwanda vikubwa duniani wanajua hayo, alisema, yeye alitaka tu yajulikane Nyegezi. Lakini majivu hayo ni ya kubembeleza, yachomwe kwa moto wa kiasi, katika pipa alilolitengeneza mwenyewe, yatoke laini kama unga wa muhogo, kisha yatiwe dawa ya kuyaunganisha na mpira, kwani yakiungua kwa moto mkali yanakuwa chembechembe kama kioo kilichosagwa, mpira hauyashiki, na kashata ikipata joto la lami inabanduka yote kwa mkupuo. Ilimchukua miaka sita kupata kipimo, na kila tairi lililotoka karakana lilipigwa namba ubavuni na kuandikwa katika daftari, jina la mwenye gari na simu yake.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na bwana Elias Kashaija, mpima ardhi, tarehe 18 Septemba 1993 katika parokia ya Kamachumu, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Alinda aliyezaliwa mwaka 1995 na Byera aliyezaliwa mwaka 1999. Shemeji, ulioa mtu ambaye nguo zake zilinuka mpira hata zikifuliwa mara tatu, na hatukukusikia hata siku moja ukilalamika, isipokuwa alipochukua sufuria ya pilau akachemshia gundi.

Afya yake ilianza kuyumba Novemba 2023, akaanza kupungua na kulalamika tumbo, na tarehe 8 Januari 2024 alilazwa hospitali ya rufaa, ambako iligundulika ana saratani ya kongosho. Katika wiki hizo tatu alizolazwa, majivu yaliisha karakana, na Bashiru, kwa nia njema, maana wateja walikuwa wamejaa, alikwenda kwa Ngosha wa Usagara anayechoma matofali kwa pumba za mpunga, akapewa viroba viwili vya majivu ya tanuri, bure. Pumba ni zilezile, majivu ni majivu, nani angejua. Wakavisha matairi ishirini na manne.

Dada alitoka hospitali tarehe 30 Januari, akapitia karakana kabla ya nyumbani, akachota majivu kidogo kwenye kiroba, akayasugua kati ya vidole viwili, na Bashiru anasema alikaa chini palepale sakafuni. Yalikuwa yameungua sana. Siku ileile alifungua daftari akaanza kupiga simu, na tangu siku hiyo yule mgonjwa hakulala, akipanda bodaboda kwenda Buhongwa, Kisesa, Magu, akiwa na sindano ya dripu imefungwa plasta mkononi, akiomba tairi lake arudishiwe na kutoa jingine. Tarehe 2 Machi hiace ya mteja mmoja, Masalu, ilibanduka kashata ya nyuma karibu na Misungwi, ikaingia kwenye mashamba ya pamba, hakufa mtu, lakini mama mmoja alivunjika mkono, na dada alikwenda kumwona wodini akapiga magoti mbele yake. Kufikia Aprili alikuwa na matairi ishirini. Kufikia Julai, akiwa hawezi tena kusimama, ishirini na tatu, na yote Bashiru aliyakata kwa msumeno mbele ya macho yake.

Alilazwa tena tarehe 1 Agosti, na alifariki dunia siku ya Jumatano tarehe 14 Agosti 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na miezi mitano, mumewe amemshika mkono. Karatasi hii niliyopewa na kamati imeandikwa kwamba marehemu aliaga akiwa ametulia, kwa kuwa matairi yote ishirini na manne yalipatikana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, hasa waliomruhusu kushika simu muda ambao hauruhusiwi, inawashukuru majirani wa Nyegezi kwa maji, kuni na turubai, inamshukuru Baba Paroko na jumuiya ndogo ndogo, inamshukuru Bashiru na mafundi wote wa karakana, na Ngosha, ambaye amekuja leo na hakuna anayemlaumu, Ngosha, tafadhali sogea mbele ukae na wenzako.

Hapa chini karatasi inaniambia nimtakie marehemu apumzike, kisha nikae. Siwezi, ndugu zangu. Matairi manne kati ya yale yalikuwa yangu, alinivishia bure kwenye pick-up yangu ya ndizi, na aliponipigia simu mwezi wa pili nilirudisha matatu, la nne, la nyuma kushoto, nikaliacha kwa sababu nilikuwa na mzigo Muleba, nikasema nitalileta, na baadaye nikaudhika, nikaona dada ananifanya kama mteja, tairi lenyewe halina hata mkwaruzo. Mwezi wa tano niliuza gari lile kupitia dalali, kwa mtu wa Katoro ambaye jina lake silijui, likaondoka na tairi hilo. Tarehe 9 Agosti nilikwenda kumwona wodini, amekonda amebaki macho, daftari liko juu ya shuka, mistari ishirini na mitatu ina alama na mmoja hauna, akaniuliza kwa Kihaya, Ruge, lako liko wapi. Nikamwambia, dada, nimelikata mwenyewe kwa panga juzi. Akaweka alama. Akalala mchana kutwa, kwa mara ya kwanza tangu Januari, na wauguzi wakafurahi, na shemeji akanishika bega akanishukuru.

Shemeji, nilimdanganya mke wako akiwa anakufa. Nimekuwa nikimpigia dalali tangu siku ile, simu haipatikani, Alhamisi nimekwenda Katoro na kurudi sijaliona gari. Ni pick-up nyeupe yenye turubai la kijani, namba zake za usajili Bashiru atawapa kwenye karatasi pale mlangoni, naye amezipata kwangu asubuhi hii, hata hajanisalimia tangu hapo. Tairi la nyuma kushoto, ubavuni limepigwa namba ishirini na nne. Leo msafara wetu wa kwenda kuzika Kamachumu unapita Sengerema, Geita, Katoro, ndiyo njia ya gari hilo. Madereva, nawaombeni, kila pick-up nyeupe mtakayoiona itazameni, na mkiiona hiyo isimamisheni, wekeni gari mbele yake, hata kama ni gari lililobeba jeneza, lisimame nalo, yeye mwenyewe angeshuka.

Dada Koku, wenzangu watakutakia mapumziko mema leo, nao wana haki. Mimi nitakutakia siku nitakayokuletea tairi lile kaburini.