Shimo la Mzee Abner Machogu

Waombolezaji wapendwa, huyu tunayemsindikiza leo, Mzee Abner Machogu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1919 hapa Manga, mtoto wa tatu wa marehemu Ombati na marehemu Mong'ina, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1934.

Kuanzia 1938 alichunga ng'ombe katika shamba la mzungu huko Bonde la Ufa, na huko ndiko alikojifunza kuvundika samadi shimoni hadi itoe gesi ya kupikia. Alifunga ndoa na Nyanchama tarehe 6 Agosti 1944, wakajaliwa watoto watano, wanne wako hapa, na kifungua mimba wao, Zachariah, alichukuliwa na homa mwaka 1961.

Aliporudi hapa Manga mwaka 1964 alikuta mlima umenyolewa kwa kuni na chemchemi imebaki tope, basi akachimba shimo nyuma ya zizi, akalijengea kwa mawe na kulifunika kwa pipa kubwa la chuma. Majirani waliuogopa ule moto wa gesi jikoni mwake, wa buluu usio na moshi, na lile pipa lililoinuka lenyewe alfajiri likiguna kila gesi ya samadi ilipojaa chini yake, hata mzee wa kanisa Obadiah akamwuliza, "Abner, umefuga nini humo chini?" naye akajibu, "Mavi ya ng'ombe tu, ndugu yangu, ili mlima upumzike." Miti aliyopanda mlimani haikukatwa, migomba ikanenepa kwa tope la shimo, maji yakarudi, na majirani wale wale wakaja kuomba awachimbie.

Hakuugua. Januari mwaka huu gesi ilipungua, akalifunua shimo ili alisafishe, na tangu hapo akawa akimwambia Mama Nyanchama kwamba anamsikia Zachariah akimwita kutoka chini. Jumanne tarehe 12 Februari 1974, mchana, mama alimsikia akiitika, "Nakuja, mwanangu," akakimbia, akamkuta ameketi ndani ya shimo, bila jeraha, mikono mbele kama anayepokea mtoto.

Daktari ametueleza kwamba hewa ya shimo humkata mtu pumzi kabla hajajua, nasi tumekubali, ila tangu tulifunike hakuna aliyetia samadi, na leo alfajiri pipa limeonekana limeinuka. Wapo waliotaka lifukiwe, lakini Mama amekataa, asije akaona mashoka yakirudi mlimani, kwa hiyo familia inaomba mtu yeyote asiteremke humo, hata akiitwa kwa jina.

Tunawashukuru daktari, majirani waliomtoa kwa kamba, na wenzake wa chama cha wakulima Kebirigo.

Pumzika kwa amani, Baba, sisi hatutakuita, nawe tunakusihi, usituite.