Mkono Wenye Kiberiti

Sogeeni karibu, Mazin na Afrah, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Na lile dirisha lifungeni, wale vijana wa pale kona hawana haki ya kusikia maneno ya baba yenu. Duka hili la mtaa wa Asiatique nawaachieni wote wawili, na atakayetaka kumdhulumu mwenzake akumbuke nimewalea kwa sinia moja. Hilo ni jepesi. Zito ni picha.

Mnalijua tangazo la sigara la zamani za Wabelgiji, lile tunalolichora kwenye masinia na mapazia wanayonunua wazungu wa mashirika kupambia sebule zao: wanaume wawili wamekaa juu ya sanduku la tumbaku, mmoja anamwashia mwenzake. Anayewashiwa ni mimi. Anayewasha ni Népomuscène, aliyekuwa mtunza ghala wetu. Huseni mchoraji alitukalisha pale tangu asubuhi hadi alasiri, njiti zikamuunguza Népomuscène vidole mpaka akacheka, na Huseni akamchora hivyo hivyo, akicheka.

Mwaka jana vita hivi vya makabila vilimfuata kwake, mtaa wa Ngagara. Walimuua, nyumba ikateketea pamoja na kila picha yake. Wiki haijaisha, vijana wakasimama dukani, wakagonga sinia kwa fimbo: "Mzee, uyu mutu hatumutaki mu quartier. Mumutoe." Hata kwenye picha hawakumtaka mtaani. Msiseme tulilazimishwa. Niliogopa. Mimi ndiye niliyekuambia, Mazin, ufunike uso wake kwa chungu cha maua, na ile karatasi ya Huseni yenye mchoro wa kwanza niliitia kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, kwa mkono wangu huu, Afrah akapikia wali. Nawe, Mazin, ukauacha ule mkono wenye kiberiti, kwa sababu sigara ya baba yako ingekosa moto. Mwaka mzima tumeuza mkono usio na mwenyewe, na hakuna mnunuzi aliyeuliza.

Ijumaa alikuja Médiatrice, binti yake, anayejificha kwa shangazi yake mtaa wa Kinanira. Hakutaka kitu ila sinia moja yenye uso wa baba yake. Nilimwonyesha maua. Akasema asante, mzee, akatoka mikono mitupu.

Nimemwita. Atafika leo kabla ya saa ya kutotoka nje. Theluthi ya karakana ya masinia ni yake, mpeni mbele ya shehe, na atakayepinga sina radhi naye. Wale vijana wakirudi, waambieni ni mzee aliyeamua, na kama wananitaka, makaburini wanapajua.

Sasa chukua brashi, Mazin. Hakuna mwingine hapa anayeukumbuka uso ule vizuri. Usilie, utaharibu rangi. Paji pana. Jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, lilikuwa linakimbia moshi. Afrah, niinue kidogo. Meno... pengo moja, juu, upande wangu. Lete nione. Siyo. Huyo amekasirika. Népomuscène alikuwa ameungua na anacheka. Futa mdomo, anza tena.

Nizikeni mapema, msiwasubiri ndugu wa Uvira, njia si salama. Mola awaweke... awaweke pamoja, awape moyo ambao mimi sikuwa nao siku ile.

Nasikia mlango. Kama ni Médiatrice, Afrah, mkalishe hapa karibu na sinia... yeye ndiye atakayemwambia Mazin baba yake alichekaje.